Kompyuta Nzito na Diski Iliyotawanyika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watu wa Kisumu na viunga vyake, kuanzia Nyalenda na Kondele hadi Maseno na Luanda, wenye kompyuta nyumbani, dukani au katika ofisi ya kanisa, na ambao wamechoka kuketi mbele ya mashine isiyoamka. Nyingi ya mashine hizo ni za ex-UK, zilizonunuliwa zikiwa tayari zimefanya kazi kwa mtu mwingine miaka kadhaa. Ndani yake mna picha za harusi, daftari la chama, noti za mtoto wa kidato cha nne. Kwa hiyo ninasisitiza jambo moja kuanzia mwanzo: kabla ya kuigusa diski, jua ni ya aina gani na uhakikishe ni nzima. Kile mafundi wanachokiita kudifragi, yaani kuvipanga tena pamoja vipande vya mafaili vilivyotawanyika kwenye diski, kina kazi yake, lakini si kwa kila mashine.

Diski kutawanyika ni nini hasa?

Fikiria matatu ya Kisumu kwenda Busia. Ikitoka stendi, familia ya watu watano imeketi pamoja. Maseno anashuka mmoja wa nyuma, Luanda wawili wa katikati, Yala mmoja wa mbele. Ikipanda familia nyingine ya watu wanne, nafasi zipo nne, lakini kila mmoja ataketi kivyake. Kondakta akitaka nauli ya familia hiyo, itabidi apenye safu hadi safu.

Diski nayo iko hivyo. Windows huigawa katika sehemu ndogondogo, kwa kawaida za KB 4 kila moja. Faili likiingia kwenye diski tupu, sehemu zake hufuatana. Ukifuta vitu na kuongeza vingine kwa miezi, mapengo hubaki huku na huko, na faili jipya kubwa hukatwakatwa ili lienee kwenye mapengo hayo. Faili lenyewe haliharibiki. Ukilifungua unalipata zima, ila limechelewa.

Kwa nini linachelewa?

Kwa sababu ndani ya hadi diski (hard disk, ile diski ya sahani zinazozunguka) kuna vitu vinavyotembea. Nenda kwa fundi yeyote umwombe akufungulie diski iliyokufa. Utaona sahani moja au mbili zilizong'arishwa hadi unajiona uso, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea kwenye ncha. Diski ikiwa hai, sahani hizo huzunguka mara 5400 kwa dakika kwenye laptopu nyingi na mara 7200 kwenye kompyuta nyingi za mezani. Kichwa hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa upana mdogo sana kuliko unywele. Kila kipande cha faili kikiwa mahali pengine, mkono lazima usogee, kisha ungoje sahani izunguke hadi kipande kifike chini ya kichwa.

Hebu tupige hesabu. Kwenye diski ya mizunguko 5400, kusogea na kungoja huchukua takriban milisekunde 17 kwa kila kipande. Video ya MB 500 iliyo mahali pamoja husomwa kwa sekunde 5 hivi, tukichukulia diski inasoma MB 100 kwa sekunde. Video hiyohiyo ikiwa vipande 1000, unaongeza sekunde 17 ambazo mkono unahangaika tu kutafuta. Sasa kumbuka kwamba Windows inapowaka hufungua maelfu ya mafaili. Hapo ndipo dakika zako za asubuhi zinakoishia.

Nitajuaje kama nina hadi diski au SSD, ile diski isiyo na kitu kinachotembea ndani?

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika dfrgui, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya diski zako, na mbele ya kila moja pameandikwa aina yake: "Hard disk drive" au "Solid state drive". Dirisha hilohilo linakuonyesha ni lini diski ilipangwa mara ya mwisho na imetawanyika asilimia ngapi.

Usitegemee masikio peke yake. Kweli hadi diski huvuma kidogo na SSD iko kimya kabisa, lakini feni ya laptopu kuukuu inaweza kufunika sauti zote mbili. Wala usitegemee karatasi iliyobandikwa na muuzaji juu ya mashine.

Nina SSD. Niidifragi?

Hapana. SSD haina sahani wala mkono. Kipande kilicho mwanzo na kilicho mwisho hufikiwa kwa muda uleule, kama sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo vile vipande 1000 tulivyovihesabu vinakugharimu sehemu ya kumi ya sekunde moja. Huwezi hata kuhisi. Tena chembe za SSD zina kikomo cha kuandikwa, na kudifragi ni kuandika upya data nyingi bila faida yoyote.

Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kitufe cha "Optimize" kinapobonyezwa kwenye SSD hakifanyi kazi ileile kinayoifanya kwenye hadi diski. Huiarifu SSD ni sehemu zipi hazina data tena ili ijisafishe yenyewe. Amri hiyo huitwa TRIM, na huisha kwa sekunde au dakika chache. Hilo ni salama, liache liendelee. Zinazodhuru ni programu za zamani za kudifragi zilizopakuliwa mtandaoni au kunakiliwa kutoka kwa rafiki, zile zisizotofautisha diski hizi mbili.

Kuna mtu hunitoza pesa kila mwezi akisema anadifragi laptopu yangu. Ninaliwa?

Kama laptopu ina SSD, unalipia kitu usichohitaji, na kama anatumia programu isiyotambua SSD anakupunguzia umri wa diski. Kama ina hadi diski, kazi ni ya kweli, lakini unaweza kuifanya mwenyewe bure kwa programu iliyomo ndani ya Windows. Fundi mzuri anastahili pesa yake kwa kazi nyingine: kusafisha vumbi la feni, kupima afya ya diski, kuhamisha data bila kupoteza hata picha moja. Mlipe kwa hizo.

Si Windows hufanya yenyewe?

Hufanya, ikipewa nafasi, na nyumbani kwetu mara nyingi haipewi.

Waliotumia Windows XP kwenye saiba watakumbuka ile mistari ya rangi: nyekundu kwa mafaili yaliyotawanyika, buluu kwa yaliyopangwa, kijani kwa yasiyosogezwa, nyeupe kwa nafasi tupu. Wakati huo ilibidi mtu akae chini aianzishe. Windows Vista ikaondoa ile picha na kuweka ratiba, kila Jumatano saa saba usiku, na Windows 7 ikafuata. Kuanzia Windows 8 kazi hii imeunganishwa na matengenezo ya jumla, ambayo kwa kawaida yamepangwa saa nane usiku, na ikiwa mashine ilikuwa imezimwa, Windows hungoja wakati mwingine ambapo mashine imewaka, imechomekwa kwenye stima, na hakuna anayeitumia.

Sasa angalia tunavyotumia kompyuta. Tunaiwasha tukiwa na kazi, tukimaliza tunazima na kuchomoa kabisa kwenye soketi kwa kuogopa radi na bili ya tokeni. Laptopu inatumiwa kwenye betri sebuleni. Muda wa mashine kukaa imewaka bila mtu haupo kabisa. Ndiyo maana ukifungua lile dirisha la dfrgui unaweza kukuta diski haijapangwa kwa miezi, ingawa ratiba imewashwa.

Kinachohitajika ni jioni moja kwa mwezi. Chomeka laptopu kwenye stima, hakikisha haitalala yenyewe baada ya dakika 15, ianzishe, kisha uende ukale.

Ninaifanyaje hatua kwa hatua?

Kwanza nakili vitu muhimu kwenye diski ya nje. Pili, futa usichokihitaji: andika cleanmgr badala ya dfrgui, na Windows itakuonyesha mafaili ya muda na takataka nyingine za kuondoa. Kufuta huja kabla ya kupanga, la sivyo utapanga takataka pamoja na mali. Kisha rudi dfrgui, chagua diski yenye herufi C, bonyeza "Analyze", usome asilimia. Ikistahili, bonyeza "Optimize".

Utaona ikihesabu raundi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Usishtuke. Diski ya GB 500 iliyoachwa mwaka mzima inaweza kuchukua saa kadhaa. Unaweza kuendelea kuandika barua wakati huo, lakini itakuwa nzito, na kila unachohifadhi kinaiongezea kazi. Mimi napendelea iachwe peke yake.

Asilimia ngapi ndizo mbaya?

Chini ya 10, endelea na maisha yako. Zaidi ya 10 kwenye hadi diski, ipange. Usitarajie sifuri kamili: kuna mafaili ya mfumo ambayo hayasogezwi wakati Windows inatumika. Pia Windows hupuuza kwa makusudi vipande vikubwa kuliko MB 64, kwa sababu mkono wa diski ukisoma MB 64 kwa mkupuo, kuruka mara moja baada ya hapo hakusumbui.

Stima ikipotea katikati ya kazi?

Swali hili huulizwa sana, na kwa sababu nzuri. Kwa diski ya NTFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao Windows imeutumia tangu Windows NT ya mwaka 1993, jibu ni la kutuliza moyo. Kipande hunakiliwa mahali papya kwanza, ndipo kumbukumbu ya mahali kilipo hubadilishwa, na mabadiliko hayo huandikwa kwenye daftari la ndani la mfumo. Stima ikikatika, Windows ikiwaka hulisoma daftari hilo na kurekebisha. Mkono wa diski nao hurudi kwenye maegesho yake kwa kutumia nguvu iliyobaki katika mzunguko wa sahani, ili kichwa kisitue juu ya data.

Hata hivyo, kukatika na kurudi kwa ghafla hakujawahi kuifaa kompyuta. Kwenye kompyuta ya mezani tumia UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine stima ikikatika. Kwenye laptopu, hakikisha betri inashika chaji. Na mawingu yakikusanyika juu ya ziwa jioni, hasa msimu wa masika kati ya Machi na Mei, ahirisha kazi hii na uchomoe waya. Walioko Kakamega na Kisii hawahitaji kuambiwa kuhusu radi.

Kompyuta yangu inaganda nikifungua folda fulani, na naisikia ikigonga. Nidifragi?

Usithubutu. Tafadhali soma jibu hili polepole.

Diski iliyotawanyika ni nzito kila mahali, kwa kiasi, na hali hiyo huja taratibu. Diski inayokufa hufanya mambo mengine: inaganda kwenye folda ileile kila mara, inagonga ka-ka-ka kisha kimya kisha inagonga tena, mafaili yanapata majina ya ajabu, Windows inaanza kukagua diski yenyewe kila ikiwaka. Kudifragi huisomesha na kuiandikisha diski kwa saa nyingi mfululizo. Diski dhaifu inaweza kukata roho humohumo, na picha zako zote zikiwa ndani.

Fanya hivi. Acha kila kitu. Nakili kwanza mafaili ambayo huwezi kuyapata tena popote: picha, hesabu za chama, kazi ya shule. Sinema na programu ziache, zitapatikana. Baada ya hapo pima afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Inasoma taarifa ambazo diski yenyewe imekuwa ikizihifadhi kuhusu hali yake. Tazama mistari miwili: idadi ya sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, na idadi ya zile zinazosubiri kuamuliwa, ambazo zimepewa namba 05 na C5. Zote mbili zikiwa sifuri, vizuri. Ikiwa zina namba, na ukipima wiki ijayo namba imepanda, nunua diski nyingine. Amri ya kukagua diski, chkdsk yenye /r, nayo iache mpaka umemaliza kunakili, kwa sababu inaipitia diski yote na kuichosha vilevile.

Ni diski ngapi zinaletwa kwa mafundi zikiwa zimeshamalizwa na juhudi za kuziongezea kasi! Inauma, kwa sababu mara nyingi kunakili saa moja mapema kungetosha.

Nilifuta picha kwa bahati mbaya jana. Nidifragi leo?

La. Picha iliyofutwa kwenye hadi diski hubaki pale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kudifragi huhamisha mafaili kwenye nafasi tupu, na nafasi tupu ndiyo ilipo picha yako. Zima kompyuta, mpelekee fundi anayejua kurejesha data, na usiweke kitu kipya humo. Kwenye SSD matumaini ni madogo zaidi, kwani TRIM husafisha sehemu zilizofutwa haraka.

Niache nafasi kiasi gani?

Angalau asilimia 15. Diski inayouzwa kama GB 500 huonekana kwenye Windows kama GB 465, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa maelfu na Windows inahesabu kwa 1024. Kwa hiyo acha kama GB 70 wazi. Diski ikijaa, hakuna pengo kubwa lililobaki, na kila faili jipya huingia likiwa limeshakatika. Programu ya kupanga nayo hukosa uwanja wa kusogezea vitu.

Wanaoumia zaidi hapa ni wapiga video za harusi na mazishi. Programu ya kuhariri huandika mafaili kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja likikua kidogo kidogo, na yote yanagombania mapengo yaleyale. Hapo video hukatika hata ukiitazama tu. Usihangaike kudifragi diski iliyojaa hivyo. Hamisha mradi mzima kwenye diski ya nje iliyo tupu. Kunakili huko peke yake huyaandika mafaili yakifuatana. Fanya kazi ya mteja mmoja kwenye diski, ukimkabidhi ihifadhi kwingine, ndipo uanze ya mwingine.

Flashi, memori kadi na simu?

Usizidifragi kamwe, zote ni jamaa za SSD. Programu za simu zinazodai kupanga diski ya simu yako zikimbie. Diski ya nje yenye sahani ndani inaweza kupangwa kama ile ya kompyuta.

Natumia Ubuntu. Na mwenzangu ana Mac.

Mfumo wa ext4, ambao Ubuntu huutumia kuhifadhi mafaili, huchelewesha kidogo kuandika ili utafute nafasi inayotosha faili zima, hivyo hutawanyika polepole sana mradi diski haijajaa. Ipo amri ya e4defrag, lakini wengi hawataihitaji maishani. Mac za miaka ya karibuni zina SSD, kwa hiyo hakuna la kufanya.

Nimedifragi na bado ni nzito. Sasa?

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie safu ya diski na ya memori. Memori ikiwa GB 4 na imejaa, Windows inatumia diski kama memori ya akiba, na hakuna kupanga kutakakotibu hilo. Ongeza memori (RAM). Diski ikisimama kwenye asilimia 100 ilhali hujafungua kitu, huenda Windows inapakua masasisho au programu ya kuzuia virusi inakagua. Ipe nusu saa. Ikiendelea siku nzima kila siku, rudi kwenye jibu la diski inayogonga.

Nikisema ukweli, kama una akiba kidogo, itumie kubadilisha hadi diski kwa SSD ya inchi 2.5. Inaingia palepale kwenye laptopu nyingi za ex-UK, fundi anaweza kunakili kila kitu kilivyo, na mashine inayokaribia kutupwa inapata miaka mingine. Hadi diski ya zamani itiwe kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala, ikiwa vipimo vyake ni vizuri.

Ninasimamia maabara ya kompyuta ya shule. Swichi kuu huzimwa jioni. Nifanyeje?

Hapa ratiba ya Windows haitakusaidia, kwa kuwa usiku hakuna stima kwenye mashine hata moja. Tumia Task Scheduler, programu ya ratiba iliyomo ndani ya Windows, tengeneza kazi inayoendesha amri ya defrag C: /O kwa haki za msimamizi, na uiweke saa ya chakula cha mchana, wakati wanafunzi wametoka. Usizianzishe zote siku moja. Ziweke kwa zamu, safu moja kila siku, ili stima ikipotea usiwe na chumba kizima cha kurudia. Mashine itakayokatizwa itaendelea siku yake ikifika. Waambie walio zamu wasiguse swichi kuu hadi taa za diski zitulie. Na mashine zenye SSD ziache nje ya zamu hiyo.